Nguo ya Fishi

Asubuhi ya kutoa mali ya arusi ya Kaswera, waya zote za mezani zilikuwa zimevaa nguo.

Marie-Claire aliingia saloni na sahani ya mandazi mukononi, akasimama kama mutu aliyeitwa kwa nyuma. Jana jioni aliziacha waya zile uchi, nyeusi, zimejipindapinda juu ya meza. Sasa kila moja ilikuwa ndani ya mufuko mwembamba wa uzi mweupe wenye maua ya kijani, kutoka kichwa mupaka mukia. Na pale waya inapoingilia kompyuta, pale kwenye shingo ya fishi, ule mudomo mudogo wa chuma, kulikuwa na kola. Kola nene, ya kukunjwa, iliyotiwa wanga wa muhogo ikasimama ngumu, kama ya mutoto anayekwenda komunyo ya kwanza.

"Umeona?" Mukaka Kahindo akauliza. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, sindano ya kroshe bado kwenye vidole. "Nimezivalisha sasa hivi tu, nilipotoka misa."

Mukaka ni jina ambalo watu wa Butembo wanamuitia bibi, na nyumba nzima ilimuita hivyo, hata majirani wa hapa Majengo, mutaa wa Goma, wasiojua neno lingine la Kinande. Marie-Claire peke yake alimuita Mama, kwa sababu ndiye mama wa mume wake.

"Nimeona, Mama."

"Bakwe hawawezi kuingia hapa bakute waya ziko uchi. Batasema tumewaleta kwa fundi wa maradio."

"Iko muzuri sana, Mama."

Na kweli ilikuwa nzuri. Shida ilianzia hapo. Kama ingekuwa mbaya, mutu angepata nguvu ya kuitoa.

Nyumba hiyo ya mbao ilikuwa imevaa siku nyingi. Televizioni ilikuwa na kitambaa chake cha kroshe, redio chake, thermosi chake, chupa ya gazi sketi yake. Benny, mume wa Marie-Claire, alizoea kusema kwamba mutu akisinzia sana muchana ndani ya nyumba hii, ataamuka amevalishwa. Mukaka alicheka kila mara, lakini vitambaa hakuna aliyevigusa. Marie-Claire aligusa kimoja, zamani kidogo. Televizioni ilikuwa inapata joto mupaka inanuka, akaondoa kitambaa, akakikunja vizuri, akakiweka kwenye kabati. Mukaka hakufoka. Alisema tu, "Sawa, mwanangu." Kisha Kwaresima nzima akawa anakula kwa jirani, kwa Mama Nabintu. Siku ya Pasaka Marie-Claire alirudisha kitambaa mwenyewe, na televizioni ikaendelea kunuka.

Sasa aliinama mezani, akajifanya anapanga mandazi. Akaweka kidole juu ya ile kola, akasukuma fishi polepole. Jana, shemeji yake Prodige alipoisukuma, ilisema *tak*, kama mulango mudogo unaojifunga. Leo haikusema kitu. Iliingia kidogo, ikasimama, laini, kama muguu ndani ya kiatu cha mutu mwingine.

Akamutazama Mukaka. Mukaka alikuwa anamutabasamia.

Marie-Claire akaondoa kidole.

Neno lililokuwa linangojewa siku hiyo lilikuwa moja tu. Ng'ombe zilikwisha kusemwa, mbuzi zilikwisha kusemwa, na juu ya mambo hayo walikuwa wamecheka wiki nzima, kwa sababu watu wa Butembo wanaoa kwa mbuzi na bwana arusi, Émile, ni wa milima ya Masisi, ambako baba yake mutu anataka kusikia ng'ombe. Hayo yalipita. Kilichobaki ni kwamba mukubwa wa ukoo afungue kinywa mbele ya wakwe na kusema: muchukueni. Benny alikuwa baba ya Kaswera, lakini neno hilo halikuwa lake. Lilikuwa la Muzee Sikuli, kaka mukubwa wa marehemu baba yake, na Muzee Sikuli alikuwa Butembo. Siku hizi, kwa sababu ya vita, kutoka Butembo kuja Goma ni kuzunguka kwa Uganda na kuingilia Bunagana, na magoti ya Muzee Sikuli hayakuwa yakimufikisha hata sokoni.

Ndiyo maana Prodige, mudogo wake Benny, alisema atamuleta kwa kompyuta. Prodige alikuwa na sekretaria yake kule Birere, pa kutoa fotokopi na kuandika barua za watu. Alileta kompyuta, alileta bafle mbili, alileta mikro, akaunga picha kwenye televizioni.

"Angalieni," aliwaambia jana, amejaa furaha. "Fishi moja, mikia mbili. Huu mukia unaenda kwa bafle, tunamusikia muzee. Huu unaenda kwa mikro, muzee anatusikia. Kwa mashini ni fishi moja tu. Hata Mukaka anaweza!"

Na jana ilifanya kazi. Sauti ya Muzee Sikuli iliingia saloni kwa nguvu hivi kwamba kuku za Mama Nabintu ziliruka ukuta wa mawe. Lakini jana fishi ilikuwa uchi.

*

Wakwe walifika jua limepanda, miguu imejaa vumbi nyeusi ya Goma, lakini nguo safi kabisa. Mbele alikuwa Muzee Twizeyimana, baba mukubwa wa Émile, murefu, na shapo yake kichwani na fimbo mukononi. Nyuma yake mama ya Émile, Mama Jolie, amebeba fromaji, ile jibini ya Masisi, ndani ya majani ya migomba. Émile alikuja mwisho, amevaa koti lililomubana mabega, anatazama chini kama mutu anayetafuta sarafu.

Kaswera hakuwa saloni. Alikuwa chumbani na wanawake, nyuma ya pazia, kama inavyopasa. Ila alikuwa amejibana kwenye pazia, na kila mutu aliona vidole vyake vya muguu chini, vimepakwa rangi.

Walikaa, wakapewa fanta, wakapewa mandazi. Mama Jolie akaona waya.

"Eeeh! Hapa hata waya zinaenda kanisani?"

"Ni kazi ya mama yangu," Benny akasema.

"Mama, mikono yako ibarikiwe. Mimi sijapata kuona kitu hivi, hata kwa maduka."

Mukaka akainamisha kichwa kidogo. Marie-Claire aliona uso wa mama mukwe ukifunguka kama dirisha, na moyo wake ukazidi kuwa muzito. Nani atasema sasa?

Prodige akabonyeza. Televizioni ikafikiri, ikaonyesha ukuta, ikaonyesha sikio, kisha ikaonyesha Muzee Sikuli muzima, ndani ya koti lake la kijivu, amekaa wima kwenye kiti kule Butembo, simu imesimamishwa mbele yake na nani sijui. Watu wote wakapiga makofi.

Muzee Twizeyimana akasimama. Akatoa shapo.

"Muzee wa Butembo," akasema, "sisi watoto wa Masisi tunakusalimia."

Muzee Sikuli aliwatazama. Alikaa vilevile. Akapepesa jicho.

Saloni ikangoja. Soda ilisikika inachemka ndani ya chupa.

"Tunakusalimia, muzee," Twizeyimana akarudia, kwa sauti kubwa kidogo.

Muzee Sikuli akakuna kidevu. Midomo yake ilicheza kidogo, lakini hata mutu anayetafuna karanga midomo yake inacheza. Hakuna sauti iliyotoka.

"Muzee, tumekuja kwa heshima."

Ndipo Muzee Sikuli alipogeuza uso pembeni, pole pole, na kuwaonyesha wakwe wake sikio.

Wazee wanajua maana ya kitu hicho. Mukubwa akinyamaza mbele ya wakwe, amejibu. Akigeuza uso, amejibu tena, na haulizwi mara nyingine. Muzee Twizeyimana akakaa. Akarudisha shapo kichwani, ndani ya nyumba ya watu.

*

"Ni rezo," Prodige akasema haraka. "Mutandao wa Butembo ni mubaya, wazee. Muvumilie kidogo."

"Picha inafika namna gani, sauti isifike?" Mama Jolie akauliza. "Sauti ndiyo nene kuliko picha?"

"Mama, ni mambo ya teknike."

Prodige akaanza kuhangaika. Alipandisha sauti mupaka mwisho. Alipuliza mikro. Alihesabu *un, deux, un, deux*, na watoto waliojazana dirishani wakamuitikia *trois*. Alichomoa ralonje, ile waya ndefu ya umeme, kwenye ukuta, akairudisha. Alibadilisha bafle ya kushoto ikaenda kuume, kama kwamba shida ni upande. Alizima mashini, na muzee akazimika nayo. Akaiwasha, na muzee akarudi akiwa amekasirika zaidi. Kisha akashika fishi juu ya ile kola, akaisukuma kwa kidole gumba.

"Fishi iko ndani," akasema. "Imeshika kabisa. Shida haiko huku."

Mutu asiyeona chuma anaweza kusema hivyo. Kola ilikuwa imefika kwenye mashini, na kidole chake kilisikia mwisho wa kola, kikafikiri ni mwisho wa fishi. Mashini nayo ilikuwa imedanganyika kama yeye: ilijua kuna kitu mulangoni, ikafunga mudomo na sikio lake yenyewe ili bafle na mikro zifanye kazi, na hata moja haikuwa imepata neno.

Marie-Claire alikuwa amesimama karibu na mulango wa jikoni na plato tupu, ile sinia ya fanta, kifuani. Neno lilimufika kwenye meno. Akalirudisha. Mbele ya bakwe? Mbele ya Mama Jolie aliyesifu mikono ile sasa hivi? Amuambie mama mukwe kwamba kazi yake ndiyo imemunyamazisha mukubwa wa ukoo?

"Ngojeni, mimi ninamupigia simu," Benny akasema. Akatoa simu yake, akabonyeza jina la Muzee Sikuli.

Lakini simu ya muzee ndiyo ile ile iliyokuwa inabeba picha. Simu ilipolia kule Butembo, muzee alishituka mbele ya watu wote, akanyoosha kidole kikubwa kikakaribia mupaka kikajaza televizioni nzima, na picha ikakatika.

Televizioni ikabaki nyeusi.

"Ametufungia mulango usoni," Muzee Twizeyimana akasema.

"Hapana, muzee, hapana, ni mimi nilipiga..."

"Mwanangu Benny. Mimi nimesalimia. Nimesalimia tena. Kwetu hata ng'ombe, ukiisalimia, inatikisa sikio. Huyu muzee wenu sikio amelitoa ametuonyesha, na hakulitikisa."

"Labda Butembo bado banahesabu mbuzi," Mama Jolie akasema kando. Émile aliinua macho kwa mara ya kwanza, akatazama vile vidole vya muguu chini ya pazia. Vidole vilikuwa vimekunjamana.

Pazia likasogea kidogo. "Mama," sauti ya Kaswera ikaita, ndogo. Marie-Claire akasogea. Mutoto alikuwa ameshika pazia kwa mikono miwili, wanja imeanza kumushuka. "Mama, mukubwa amenikataa? Nimemufanya nini?"

"Hajakukataa."

"Basi mbona hasemi?"

Marie-Claire akamupangusa shavu kwa kidole. Nyuma yake alisikia fimbo ya Muzee Twizeyimana ikigusa sakafu, ule mugongano ambao mutu anafanya anapotaka kusimama aende zake.

Akaweka plato chini. Akavuka saloni mbele ya watu wote, akapiga magoti mbele ya kiti cha Mukaka karibu na dirisha.

"Mama," akasema. Alitaka kusema kwa siri, lakini saloni ilikuwa kimya sana. "Nguo yako iko muzuri. Ila ile kola inanenepesha shingo ya fishi. Fishi haifike ndani. Mukubwa hatusikie. Anafikiri ni sisi tunanyamaza."

Mukaka Kahindo alitazama mikono yake.

"Mama, unisamehe."

"Mukaka, si hivyo," Prodige akaingilia. "Fishi iko ndani, mimi mwenyewe nimeisukuma..."

"Nyamaza, wewe," Mukaka akasema.

Akasimama. Aliposimama, Muzee Twizeyimana, aliyekuwa naye ananyanyuka, akakaa tena kwa heshima ya umuri. Mukaka akaenda mezani. Prodige akamunyooshea makasi, akayakataa kwa mukono. Alitafuta kwa ukucha mwisho wa uzi, pale alipoufunga fundo asubuhi, akaukata kwa jino, akavuta.

Kazi ya kroshe inatoka kwa uzi mumoja. Kola ikaanza kuzunguka, ikapungua, ikazunguka, ua la kijani likafunguka likawa si ua tena, na uzi ukashuka chini ukiwa umejisokota kwa sababu ya wanga, ukalundikana juu ya kiatu cha Muzee Twizeyimana. Yeye hakuondoa muguu. Watu wote walitazama vile vidole vya kizee vikivuta. Shingo ya fishi ikabaki uchi.

"Sukuma sasa," Mukaka akamuambia Prodige.

Prodige akasukuma.

*Tak.*

Akamupigia tena Muzee Sikuli kwa mashini. Televizioni ikaonyesha ukuta, ikaonyesha sikio, na kabla uso haujafika, sauti ikawahi. Iliingia na nguvu zote za jana, kuku za Mama Nabintu zikaruka.

"... bakwe gani hawa, mambo gani haya! Wanasimama, wanapanua kinywa, wanakaa! Mutu mukubwa amevaa shapo, anafunguafungua mudomo kama samaki, hata bonjour hakuna! Nikasema labda ni maombi. Nikageuka niulize muke wangu, kwa Masisi wanaomba namna hiyo?"

Mama Jolie akaanza kucheka, akaweka fromaji chini ili acheke vizuri.

"Muzee!" Twizeyimana akapaza sauti, amesimama, uzi umemuzunguka muguu. "Mimi nimekusalimia! Nimekusalimia mupaka koo imekauka!"

"Kumbe wewe unasema! Ninakusikia! Na mimi nimekusalimia tangu mwanzo, bwana, ukanitazama tu. Nikasema huyu ni mukubwa sana, hasalimiani na watu wa mbuzi."

"Nilisema ni wewe hutaki watu wa ng'ombe!"

"Mimi? Nimevaa koti hili tangu asubuhi, muke wangu amenikataza hata kunywa maji nisilichafue. Nani anavaa koti kwa kukataa?"

Wakasalimiana upya, kwa urefu, kama wazee wanavyopenda: habari ya mvua, habari ya magoti, habari ya njia. Muzee Twizeyimana alitoa shapo, akaiweka juu ya goti. Muzee Sikuli akamuita Kaswera, na pazia likafunguka kabla hajamaliza jina, akatoka na macho yenye wanja iliyomwagika, akasimama mbele ya televizioni.

"Unalia nini?"

"Nilifikiri umenikataa, Sokulu," akamuambia babu yake.

"Mimi nikukatae? Wewe ndiye uliyekuwa unanisomea barua zangu zote." Akakohoa, akajikaza kwenye kiti, akatazama mbele, na sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya kazi. "Watu wa Masisi. Mutoto wetu ni huyu. Muchukueni."

Vigelegele vilitoka chumbani, vikatoka jikoni, vikatoka kwa watoto wa dirishani. Émile alikuwa anacheka na kufuta macho kwa mukono wa koti, na mushono wa bega ukapasuka, na hakuna aliyejali.

*

Wageni waliporudi kwao, Marie-Claire alianza kukusanya chupa. Benny na Prodige walikuwa nje, wanabishana juu ya nani alisema tangu mwanzo kwamba ni fishi. Hakuna kati yao aliyesema.

Mukaka alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anazungushia ule uzi kwenye vidole viwili, anatengeneza tena donge. Ulikuwa bado umejipindapinda.

"Ulijua tangu asubuhi," akasema bila kuinua macho.

Marie-Claire akasimama na chupa mikononi. "Ndiyo, Mama. Nilisukuma, haikusema tak."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo."

"Mutoto wako amelia, shapo ya mukwe imerudi kichwani ndani ya nyumba yangu, na wewe unajua, unanyamaza."

"Niliogopa utaenda kula kwa Mama Nabintu."

Mukaka aliacha kuzungusha uzi. Alimutazama muda murefu, na Marie-Claire alingoja lile "sawa, mwanangu" analolijua. Halikuja.

"Mama Nabintu," Mukaka akasema, "anapika sombe bila mawese. Kwaresima ile niliteseka."

Akasimama, akaenda kwenye televizioni, akaweka kiganja juu yake. "Ile joto yako. Bado inapata?"

"Inapata, Mama. Inanuka."

Mukaka akavuta kitambaa. Televizioni ilionekana ndogo, na ya zamani kuliko walivyokumbuka. Akakikunja mara mbili, akatafuta pa kukiweka, akaenda kuivalisha thermosi juu ya kile ilichokuwa nacho tayari.

"Haya. Hii haina fishi."

Marie-Claire akashusha chupa mezani. Alijua anapaswa kusema aksanti, na aksanti ilikuwa tayari. Lakini neno lingine lilitangulia.

"Mama, na thermosi pia. Kitambaa kinaziba mudomo. Chai inamwagika pembeni, inaniunguza mukono kila siku."

Nje, Prodige alikuwa anasema *teknike, teknike*. Mukaka Kahindo alitazama thermosi yake yenye nguo mbili, akamutazama muke wa mwana wake, akautazama mukono wa kuume wa Marie-Claire, pale karibu na kidole gumba, penye alama ndogo nyekundu ambayo hajapata kuiuliza. Akaushika mukono huo, akaupuliza, kama mutu anavyomupuliza mutoto.

"Kesho," akasema. "Leo umesema ya kutosha."